Mmaliziaji wa Maneno ya Watu

Katika mji ule jua halikwenda lenyewe, lilisukumwa na maneno. Watu walipozungumza, lilisogea. Walipogombana sokoni, lilikimbia. Na siku za harusi, kwa jinsi wanawake walivyokuwa na mengi ya kusemana, mchana ulikwisha wali ukiwa bado mchele. Usiku ulikuwa ule muda ambao wote wamelala na hakuna wa kusukuma, na alfajiri haikuja mpaka mume mmoja aamke na kuuliza kanzu yake imewekwa wapi. Ndivyo walivyoamini. Na kwa kuwa waliamini, ndivyo ilivyokuwa, maana mji ule haukuwa na kipimo kingine cha mambo zaidi ya kuamini kwake.

Taabu yao ilikuwa watu wenye kigugumizi. Mtu wa namna hiyo alipokwama kwenye neno, jua nalo lilikwama. Kivuli cha ukuta hakikusogea. Chai haikupoa. Nzi aliyekuwa akiruka alibaki hewani, mbawa wazi, akingoja aruhusiwe kuendelea na safari yake. Walioanika mihogo walilalamika kwamba haikauki, na yupo mama mmoja aliyeshikwa na uchungu wa kuzaa akakaa na uchungu ule ule, haupandi haushuki, mpaka bwana mmoja huko barabarani alipofanikiwa kusema habari za asubuhi. Uvumilivu wa watu una mwisho wake. Ndipo Mji ukaweka wamaliziaji.

Kazi ya mmaliziaji ilikuwa kusimama karibu na mtu aliyekwama, kusikiliza sauti ya kwanza inayomtoka, kukisia, na kulimalizia neno. Alichokimalizia ndicho kilichosemwa, na sheria haikuuliza zaidi. Bwana mmoja alikwenda kuposa, akakwama kwenye jina la binti, mmaliziaji akataja jina la dada yake. Wakaozeshwa. Wakapata watoto wazuri tu, na bwana yule akaishi miaka yake yote akimwamkia shemeji yake kwa macho ya chini. Mwingine alikuja kukana wizi, akamaliziwa kwamba ameiba. Huko kifungoni akajaribu kueleza, akamaliziwa kwamba ameridhika. Watu wa Mji waliyaona hayo, wakasikitika kidogo, kisha wakatazama juu na kuliona jua linakwenda, roho zao zikatulia.

Katika wamaliziaji wote, Ngwali ndiye aliyetia fora. Alikuwa mtu mrefu, shingo imelala upande mmoja kwa mazoea ya kutega sikio. Wenzake walikisia neno, yeye alikisia maisha mazima. Mtu akianza kwa sauti moja tu ya midomo iliyofumbwa, Ngwali alikuwa amekwishamtazama viatu, ameshanusa nguo zake, ameshajua kama kinachokuja ni maji au mume au msamaha, na neno lilimtoka laini, kwa sauti ya yule yule aliyekwama. Hata sura ilimgeuka. Akimmalizia kikongwe, mashavu yalimbonyea. Akimmalizia mwashi, viganja vilimtoka sugu. Mageuzi hayo hayakumtoka upesi. Alirudi nyumbani na kikohozi cha mtu, au na pengo la mtu, na mkewe Saumu, mwanamke asiyekuwa na haraka ya kushangaa, alimtazama mlangoni na kumwuliza, "Baba Mize, leo nampakulia nani?"

Neno ni la nani? La aliyelianza, au la aliyelimaliza?

Swali hilo lilimjia Ngwali akiwa peke yake, na halikumjia kwa sauti. Lilimjia kimya, tena kwa ukamilifu, kama yanavyomjia mtu yeyote aliye kichwani mwake. Kwa sababu siri yake, na hapa ndipo ilipolala aibu ya maisha yake yote, ni kwamba yeye mwenyewe alikuwa na kigugumizi. Si kidogo. Kigugumizi kizito, cha kufunga koo na kupinda shingo. Alipovaa sauti ya mtu mwingine kilimwachia kabisa. Alipotaka kusema lake, kilirudi na kumshika palepale kilipomwachia jana. Basi akaacha kusema lake. Akaazima. Akitaka chumvi alisema kwa sauti ya mteja wa asubuhi. Akitaka kumwita mkewe alipiga mluzi. Yapo maneno aliyoyakwepa tangu utoto, akayazunguka kama mtu anavyozunguka nyumba ya anayemdai, na kwa sababu ya kuyakwepa hayo alipenda vyakula asivyovipenda na kwenda njia asizotaka kwenda, kwa kuwa majina ya hivyo na ya hizo yalitamkika.

Saumu alijua. Mke gani hajui? Lakini hawakuwahi kulitaja, na lisilotajwa katika mji ule halikupata jua.

Kisha Mize, binti yao, akaanza kusema, na alipofika umri wa watoto kumiminika maneno, yake yakaanza kurudiarudia mwanzoni. Siku ya kwanza Ngwali alikuwa akivua viatu. Mtoto alimjia mbio, akamshika goti, akasema, "Baba, n-n-n..." Ngwali akafa ganzi na kiatu mkononi. Aliona kitu chake, kile alichokificha hata kwa mama yake mzazi, kinachungulia kutoka mdomo wa mtoto mchana kweupe, mlango ukiwa wazi, majirani wanapita. Hakumhurumia. Huruma ilikuja baadaye, ikiwa imechelewa na haina pa kukaa. Kilichomjia kwanza ni haya, haya ya mtu aliyevuliwa nguo na mwanawe mwenyewe, na kwa haya hiyo akafanya alichokijua. Akamalizia.

"Nina njaa," alisema, kwa sauti ndogo ya mtoto.

Mize akamtazama. Akaitikia kwa kichwa. Saumu akampakulia mihogo, akala.

Hivyo ndivyo walivyoishi. Mtoto alianza, baba alimaliza, mtoto akaitikia kwa kichwa, na jua la nyumba ile halikuwahi kukwama hata kidogo. Majirani walioambulia kusikia walileta dawa zao, maana katika mji ule kila mwenye ulimi alikuwa tabibu wa ulimi. Mize alimwagiwa maji ya baridi ghafla ili ashtuke. Aliwekewa punje za mtama chini ya ulimi. Alipigwa kikofi cha mdomo, cha mapenzi, walisema. Na wasiokuwa na dawa walimpa amri: vuta pumzi, sema polepole, fikiri kwanza. Mtoto alikuwa amefikiri tangu zamani. Kufikiri ndiko kulikokuwa kumejaa, kumepanga foleni nyuma ya meno.

Kwa kadiri walivyomtengeneza ndivyo alivyozidi kukwama. Akaanza kukaza macho. Akaanza kupiga mguu chini ili neno litoke. Halafu akaanza kunyamaza, na hapo majirani wakampongeza Ngwali kwamba mtoto amepona.

Saumu ndiye aliyesema imetosha. Alikuwa amesikia habari za Bi Kazija, tabibu aliyekaa nje ya ukuta wa Mji, kule ambako jua lilikwenda lenyewe bila kusukumwa na mtu. Ngwali hakutaka kwenda. Alitaka kusema kwamba hakuna haja, akaanza, akashikwa, akamkuta mkewe amekwishamfunga mtoto kilemba na yuko nje anangoja. Akavaa sauti ya karani mmoja aliyemmalizia asubuhi ile, kwa tahadhari tu, akawafuata.

Nyumba ya Bi Kazija ilikuwa nyeupe na haina kitu. Yeye mwenyewe alikuwa mwanamke mnene wa makamo, na jambo la ajabu kwake lilikuwa moja tu, kwamba alipokusikiliza hakufanya kitu kingine chochote. Hakuchambua mchele. Hakufukuza kuku. Mikono yake ilikaa mapajani na uso wake ukakaa kwako, na ilikuwa vigumu kuuvumilia uso ule kama hukuuzoea. Alimkalisha Mize mbele yake, akamwuliza amekuja kufanya nini.

"Ni-ni-ni..." Mize alianza.

"Nimekuja kutibiwa," Ngwali akamalizia, kwa sauti ya mtoto. Mize akaitikia kwa kichwa.

Bi Kazija hakumtazama Ngwali. "Mwanangu," alimwambia Mize, "hilo ndilo ulilotaka kusema?"

Hakuna aliyewahi kumwuliza mtoto yule swali hilo. Ilionekana usoni pake. Aligeuka kumtazama baba yake, akamtazama na mama yake, kisha, taratibu, akatikisa kichwa kukataa. Bi Kazija akangoja. Kule nje ya ukuta kivuli cha nyumba kiliendelea kusogea bila kumjali mtu, na mtoto aliliona hilo, kwamba jua linakwenda na yeye bado hajasema, na mabega yakamshuka.

"Ni-ni-nimekuja kwa sababu m-mama kanishika mkono," alisema.

Bi Kazija akacheka, na Mize akacheka. Ngwali hakucheka.

Kisha Bi Kazija akauliza kuhusu nyumbani. Baba akimalizia huko nyumbani, huwa ndilo? Mize alichukua muda. Maneno yalimjia kwa vipande, mengine akayarudia mara kwa mara mpaka yakakaa, na yalipokuwa yamekusanyika yote yalikuwa haya: kwamba mara nyingi hakuwa na njaa. Alikula kwa sababu chakula kilikwishaletwa. Siku moja alitaka kusema naumwa sikio, akalazwa kwa kuwa baba alisema nina usingizi. Siku moja alikuwa ameona kinyonga kwenye ua na alitaka watu waje kumwona.

"Na mengine?" aliuliza Bi Kazija.

"M-m-mengine nimeyasahau."

Alisema hivyo bila kulalamika. Saumu akajifunika uso kwa upande wa kanga. Ngwali, fundi wa kukisia, bingwa wa Mji, mtu aliyejua maji na mume na msamaha kwa sauti moja tu ya midomo, alisimama pale akihesabu mihogo. Mihogo yote ambayo mtoto alikuwa ameila kwa adabu. Aliitamani ardhi ipasuke, lakini kule nje ya ukuta ardhi ilikuwa ngumu na haikuwa na mazoea hayo.

Bi Kazija alieleza matibabu yake kwa lugha nyepesi, na kwa sehemu kubwa hayakuwa ya mtoto. Yalikuwa ya watu wazima waliomzunguka. Waseme naye taratibu wao wenyewe, badala ya kumwamuru aseme taratibu yeye. Wapumzike kidogo kabla ya kumjibu, ili aone kwamba neno halikimbizwi. Kila siku apate muda wake na mmoja wao, muda wa kucheza na kuzungumza bila kusahihishwa. Wasimwangalie mdomo, wamwangalie macho. Wasimalizie. Watoto wengi wadogo kigugumizi huwaacha chenyewe, alisema, na wengine hakiwaachi, na hata yule ambaye hakimwachi anaweza kusema chochote anachotaka kusema, mradi asifundishwe kukiogopa. Kukwama si ugonjwa mkubwa. Ugonjwa mkubwa ni kile ambacho mtu anakifanya ili asikwame.

"Kwa mtu mzima ni kazi nyingine," aliendelea. "Mizizi yake imekwenda mbali. Huyo humpi mdomo mpya. Unamfundisha kulianza neno kwa ulaini, kulegeza palipokaza. Halafu unampeleka mahali penye watu, akwame kwa makusudi, mchana, wamwone. Akiona kwamba wamemwona na hajafa, kile kitu kinakosa chakula." Hapo ndipo uso wake, ule uso usiofanya kingine, ulipohamia kwa Ngwali. "Na wewe, baba. Jina lako nani?"

Sauti ya karani ilikuwa pale, mkononi. Angeweza kuivaa. Lakini uso ule ulikuwa umemkalia, na macho ya Mize yalikuwa yamemgeukia, na kwa sababu asiyoweza kuieleza aliingiza mkono kwenye mfuko wa sauti na kuutoa mtupu.

"Ng... ng... ng..."

Koo likafunga. Shingo ikapinda. Jasho likamtoka kwenye nyusi. Jina lake mwenyewe lilimsimamia mlangoni, halitoki na halirudi ndani, na hakukuwa na mmaliziaji yeyote kule wa kumwokoa. Mize alisogea karibu. Hakuwa na uso wa kucheka. Ulikuwa uso wa mtu aliyekuta nyayo za binadamu mahali alipodhani anaishi peke yake.

"B-b-baba," alisema. "Kumbe na wewe?"

Na Ngwali, badala ya kuitikia kwa kichwa, jambo ambalo mtoto yule alikuwa amemfanyia maisha yake yote, alichomoa sauti ya karani, akaivaa haraka mpaka kwenye vifungo, na kusema kwa ufasaha mkubwa, "Si mimi, mwanangu. Ni mteja wa asubuhi. Bado hajanitoka."

Mize akarudi akakaa.

Unaweza kumkana mtoto kwa sentensi nzuri. Unaweza kumkana bila kurudia hata silabi moja.

Njiani kurudi ndipo muda ulipowachezea. Kule nje ya ukuta siku zilikuwa zimekwenda kwa mwendo wake, na Mji ulikuwa na mwendo wake, na walipofika langoni ilibidi mahesabu hayo mawili yalinganishwe. Mize alipoondoka alikuwa wa kushikwa mkono. Alipoingia langoni kilemba kilikuwa kimembana, gauni limemfika magotini, na kichwa chake kilikuwa sambamba na bega la mama yake. Saumu aliona ni jambo la kawaida. Aliyatumia yale mafunzo, na miaka yote ile iliyojikunja njiani ilikunjuka nyumbani ikiwa imekwishafanyiwa kazi: Mize alikuwa akisema. Alikwama, ndiyo, lakini alikwama akiwa anakutazama, mguu umetulia, kisha akaendelea. Kwa mama yake alisema mengi. Kwa baba yake alisema salamu tu.

Na umri ulikuwa umetimia wa Kuulizwa.

Desturi hiyo ya Mji ilikuwa kongwe kuliko ukuta. Kila kijana aliyefika umri wake alisimamishwa uwanjani mbele ya watu wote, Jumbe akamwuliza swali moja, unataka nini, naye akajibu kwa sentensi moja. Alichokisema alipewa. Hakuulizwa tena mpaka kufa. Waliosema wanataka ardhi walipata ardhi, na yule aliyetania kwamba anataka mbuzi alipata mbuzi, basi.

Jumbe alimwita Ngwali nyumbani kwake kabla ya siku yenyewe. Alikuwa mzee nadhifu, mwenye sauti ya mafuta, na alijiona mtu mwenye huruma. Alimkumbusha Ngwali kuhusu Nyumba ya Kimya, ile yenye bustani, walikokaa wenye kigugumizi waliochagua kutosema tena. Wanakula vizuri, alisema. Wanasuka mikeka. Hakuna anayewacheka, na wao hawamsimamishii mtu jua. Alieleza kwamba kwa vijana wa namna ya Mize jibu lilikuwa likijulikana siku zote, nataka kunyamaza, na kwamba siku ile ilikuwa zamu ya Ngwali kumalizia, na kwamba ingekuwa vizuri neno lile litoke kwa baba badala ya mtu baki. Msichana angesitirika. Na jina la mmaliziaji mkuu wa Mji lingesitirika vilevile.

Ngwali alitaka kusema hapana. Neno lenyewe si refu. Alifungua mdomo, pumzi ikatoka tupu, ikatoka tena tupu, na Jumbe, kwa upole, akamalizia.

"Huna haja ya kushukuru," alisema.

Ngwali akaitikia kwa kichwa.

Aibu ina tabaka. Ya juu ni ile ya watu kukuona. Hiyo inauma na inapita. Ya chini yake ni ile ya kujiona mwenyewe, na chini ya hiyo kuna nyingine ambayo Ngwali aliigundua alipokuwa akitoka kwa Jumbe, aibu ya kugundua kwamba umefurahi. Kwa sababu alifurahi. Alijikuta anatembea kwa wepesi. Mtoto angekuwa nyuma ya bustani, hangesikika, na kile kitu kilichochungulia mlangoni siku ya viatu kingerudishwa ndani na mlango ukafungwa kwa heshima zote. Alifika nyumbani, akamkuta Mize anachambua kunde, akashindwa kumwangalia.

Siku ikafika, jua likiwa limesukumwa juu na gumzo la watu waliokuja uwanjani. Vijana wengine waliulizwa wakajibu. Kisha Jumbe akasema, "Mize binti Ngwali, unataka nini?"

Mize alisimama vizuri. Hakukaza macho. Alilianza neno kwa ulaini, kama alivyofundishwa.

"Nataka ku... ku... ku..."

Jua likasimama. Vivuli vikaganda. Watu wote wakamgeukia Ngwali, kwa mazoea, wala hawakuwa na ubaya. Naye lile neno alikuwa nalo, tayari, limelainishwa tangu jana, na uso wake ukaanza kugeuka kuwa wa binti yake. Mashavu yakawa madogo. Pua ikasimama. Akaingia ndani ya uso ule, kama alivyoingia kwenye nyuso za maelfu, kulitafuta neno linaloelekea kutoka.

Hakulikuta. Alikuta mahali penye utulivu ambapo msichana mmoja alikuwa anajua kabisa anachotaka kusema na hana haraka, na hapakuwa na tundu la kuchungulia ni nini. Akatafuta hofu. Siku zote alianzia kwenye hofu. Hapakuwa na hofu, na bila hofu Ngwali hakuwa na pa kushika. Ndipo alipoelewa ufundi wake ulikuwa nini. Hakuwahi kumkisia mtu. Kila neno alilolimalizia, la kikongwe, la mwashi, la mposaji, lilikuwa neno ambalo yeye angelisema ili aruhusiwe kukaa chini upesi.

Uso wa binti yake ukamwondoka. Wa karani ukamwondoka. Ziliondoka zote, moja nyuma ya nyingine, na akabaki mtu mrefu mwenye shingo ya upande ambaye watu wengi pale walikuwa hawajawahi kumwona.

Kimya kilipozidi, Pandu, mmaliziaji wa akiba, akainuka kwenye benchi lake, akakohoa kusafisha sauti. Naye alikwishapewa lile neno. Ngwali akamwona. Akamwona na midomo yake inajiweka tayari. Alitaka kusema mwacheni, mwacheni amalize mwenyewe.

"Mw... mw... mw..."

Ilikuwa sauti yake. Haikuwa na mwenyewe mwingine. Ilikuwa nzito, ina mchanga, na ilikwama mbele ya Mji mzima, shingo ikapinda, mate yakamtoka pembeni mwa mdomo, na mahali fulani katikati ya watu mtu akacheka kwa pua. Mmaliziaji mkuu. Domo la Mji. Aliyemalizia ndoa zao na hatia zao. Alihisi aibu ikimpanda kutoka kwenye magoti kama maji, ikapita kifuani, ikafika mdomoni, na bado neno halikutoka. Hapo jua lilikuwa limesimamishwa na watu wawili. Pandu akageuka kwa Mize, akageuka kwa Ngwali, hajui amalizie wapi kwanza.

"Anza na baba," Jumbe akaamuru. "Huyo tunajua anachosema. Anasema mwanangu anyamaze."

Pandu akavuta pumzi. Na alichokuwa akitaka kukisema ndicho kingekuwa kimesemwa, na sheria haikuuliza zaidi.

"Ku-ku-kumsubiri baba," alisema Mize.

Alisema akimtazama Jumbe. Kisha, kwa kuwa mbele ya Jumbe jibu lilitakiwa liwe zima, akalirudia lote, akakwama mahali palepale, akapita. "Nataka ku-ku-kumsubiri baba amalize."

Pandu alifunga mdomo, kwa kuwa alichotaka kijana siku ya Kuulizwa alipewa, na huyu alikuwa ametaka baba yake asubiriwe. Jumbe alitazama juu, akatazama wazee wenzake, akatafuta katika desturi yote kongwe kuliko ukuta mahali pa kupenyea, hakupaona.

Ngwali alikuwa amekwishaelewa, na kuelewa huko kulimwumiza kuliko kicheko cha pua. Mize alianza sentensi yake kabla yeye hajafungua mdomo. Alianza na neno jingine. Alikuwa na neno lake, alilokuja nalo kutoka nyumbani, alilolilea miaka yote ile ya salamu tupu, na angelifikia. Alikuwa anakaribia. Kisha akamwona baba yake amekwama mbele ya watu na Pandu anavuta pumzi, akaliacha. Mji ulimwuliza mara moja katika maisha yake anataka nini, na kile alichopewa alikitumia kwa mtu aliyemwambia si mimi, ni mteja wa asubuhi.

Hakuna ambaye angejua lile neno la kwanza lilikuwa nini. Hakuna mmaliziaji aliyeweza kulikisia. Labda alitaka kusafiri. Labda alitaka kuimba. Labda lilikuwa jambo la kinyonga.

Basi lile neno mwacheni halikuwa na kazi tena, na Ngwali akaliachia likarudi lilikotoka. Lipo jingine alilotaka kusema, swali, la kumwuliza Mize, na kwa mara ya kwanza hakutaka kulisema kwa sauti ya mtu yeyote. Alimgeukia binti yake. Akalegeza koo, kama alivyosikia siku ile kwa Bi Kazija mtu mzima anavyofundishwa, akalianza kwa ulaini, nalo likamshinda pale pale kwenye sauti ya kwanza.

"U... u... u..."

Alitamani amaliziwe. Alitamani kwa nguvu zake zote, kama alivyokuwa akitamani kila mtu aliyewahi kusimama mbele yake. Mize hakumsaidia. Alikuwa anamtazama machoni, na hakuwa na haraka. Nyuma yake, mmoja baada ya mwingine, watu wakaanza kukaa chini.